Kabla hujanunua nyumba ya kupangisha, piga hesabu ya mwezi mbaya

Watu wakijua una nyumba za kupangisha, swali huwa ni lile lile: ninunue wapi? Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Mpangaji akihama, nyumba ikakaa tupu miezi miwili na benki ikaendelea kudai rejesho lake, utalipa kwa fedha gani? Kama hujui, bado hujafikia hatua ya kuchagua nyumba. Tafuta kwanza akiba ya kukuvusha miezi hiyo, kando kabisa na fedha ya kununulia.

Dalali atakutajia kodi ya mwezi, ataizidisha mara 12, ataigawanya kwa bei ya nyumba, na utapewa asilimia tamu. Hakudanganyi, ila hajamaliza hesabu. Toa bima, kodi ya jengo, matengenezo, na ujira wa msimamizi kama wewe unaishi mbali. Kisha toa muda ambao nyumba haitakuwa na mtu: mwezi mmoja peke yake ni zaidi ya asilimia 8 ya mapato ya mwaka. Wawekezaji wengi wa Marekani hutumia kipimo cha haraka, kwamba nusu ya kodi ya pango italiwa na gharama kabla hujagusa rejesho la mkopo. Kwa nyumba mpya huenda ni kingi, kwa nyumba kuukuu huenda hakitoshi. Mimi hukitumia kuchujia tu. Nyumba ikianguka hapo, mwenye kuiuza anieleze kwa nini yake ni tofauti, na mara nyingi hana la kusema.

Mkopo nao una tabia zake. Chukua mfano wa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, miaka 15, marejesho sawa kila mwezi, riba ikitozwa kwenye salio. Kwa kila 100,000 uliyokopa, katika sarafu yoyote, utalipa kama 1,200 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza 1,000 ni riba, na ni 200 tu inayopunguza deni. Mwaka ukiisha umeshatoa 14,400 na deni limeshuka kwa takriban 2,500. Wengine wakiona taarifa hiyo hupanda hadi benki kugomba. Hakuna aliyewaibia, ndivyo mikopo ya aina hii inavyopangwa: miaka ya mwanzo riba ndiyo inayokula zaidi. Kwa hiyo anayenunua kwa mkopo akitegemea kuuza baada ya miaka miwili anategemea bei ipande, maana deni litakuwa karibu palepale. Kabla ya kusaini uliza mawili: riba inaweza kubadilika katikati ya njia? Na je, nikipata ziada naruhusiwa kupunguza deni bila kutozwa faini?

Mimi nilianza kwa kuishi upande mmoja wa nyumba na kupangisha upande wa pili. Siku nyingine inachosha, kwa sababu mpangaji anajua upo na atabisha hodi saa yoyote. Lakini sijui darasa zuri kuliko hilo: unasikia bomba linapovuja, na gharama yako mwenyewe ya kulala imepungua. Na kama mtaji haufiki hata huko, mifuko inayomiliki majengo na kuuza hisa ipo katika nchi nyingi. Marekani iliiruhusu kisheria mwaka 1960. Hutashika funguo, ila hutamwita fundi pia.

Tuje kwenye kuikagua nyumba, ambako watu huharakisha mno. Nenda baada ya mvua. Ukuta mmoja ukinuka rangi mbichi na mingine yote imechakaa, simama hapo. Weka kiganja usikie ubaridi wa unyevu, gonga lipu usikilize kama imeachia, kisha inua macho uangalie pembe za dari. Fungua mifereji yote kwa pamoja na uvute maji chooni. Maji ya jikoni yakigeuka uzi mwembamba, umeshajua malalamiko ya kwanza utakayoletewa. Halafu mlete fundi wako, si yule aliyeitwa na muuzaji. Kama kuna mpangaji ndani, omba kuzungumza naye peke yake. Muulize maji hukatika lini na bili zikoje. Huyo hana cha kukuuzia.

Hati ikaguliwe na wakili wako kwenye masijala ya ardhi, si kwenye nakala uliyoletewa mezani: jina la mmiliki, rehani, zuio, mgogoro wa mirathi. Kabla ya hapo usitoe hata malipo ya awali.

Ukishanunua, kazi yako kubwa ni kumpata mpangaji mzuri na kumtunza. Usimpigie simu mwenye nyumba wake wa sasa pekee, maana anayetaka mtu aondoke humsifu sana. Mtafute na yule wa kabla yake. Na akishakaa vizuri, piga hesabu kabla ya kumpandishia. Ukiongeza asilimia 5, akahama, nyumba ikakaa tupu mwezi mmoja kabla hujapata mwingine kwa kodi hiyo mpya, mwaka huo utakusanya sawa na miezi 11 na nusu hivi ya kodi ya zamani. Umepandisha kodi na bado umepata pungufu, hapo hujapaka rangi wala kumlipa dalali. Simaanishi usipandishe, gharama hupanda na lazima uzifuate. Pandisha kidogo, toa taarifa mapema, na mtu anayelipa kwa wakati mwachie nafuu kuliko bei ya nje.

Siku ya kumkabidhi nyumba, zungukeni pamoja. Piga picha kila chumba, zikiwemo nyufa ndogo na mlango wa kabati usiofunga, andikeni namba za mita za maji na umeme, hesabuni funguo, kisha wote wawili msaini nakala mbili. Amana yake iweke kwenye akaunti ya peke yake, usiichanganye na kodi, ili siku anayohama uweze kumrudishia bila kumzungusha.