Gari ya spoti "ya kwanza duniani"? Chunguza mbele ya kuandika

Ndugu zangu wa Goma na wengine wote munapenda magari, leo nataka tuongee kitu kimoja chenye kinaniumiza roho kila mara nakisoma: namna watu wanaandika historia ya moteri za magari ya spoti. Vijana wetu wanaandika sana siku hizi, na wanaandika kwa mapenzi ya kweli, naona. Lakini mutu anachukua sentensi moja ya uongo anaipitisha, mwenzake anaikopi, kesho inakuwa ukweli juu tu imerudiliwa mara mingi. Na uongo wenye kuzunguka kuliko yote njo ule wa kusema gari fulani ilikuwa ya kwanza kufanya kitu fulani.

Tuchukue Mercedes-Benz 300 SL, ile ya milango inafungukia juu, ilionyeshwa New York mwezi wa pili 1954. Fasi mingi utasoma eti njo gari ya kwanza ya esanse yenye kupuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Hapana. Mwanzo wa miaka ya 1950 Wajerumani walikuwa tayari na Gutbrod Superior na Goliath GP700, vigari vidogo vya silinda mbili, moteri ya mipigo miwili (pistoni inapanda na kushuka mara moja tu kwa kila moto), na vilipuliza esanse ndani ya silinda na mitambo ya Bosch. Na mbele ya hivyo tena, wakati wa vita, moteri za ndege kama Daimler-Benz DB 601 zilikuwa zinafanya hivyo. Chenye unaweza kuandika bila woga ni hiki: 300 SL ilikuwa gari ya kwanza ya kuuzwa kwa watu yenye moteri ya mipigo mine (pistoni inapanda na kushuka mara mbili kwa kila moto) na mupulizo wa namna ile. Sentensi imekuwa ndefu, ndiyo, lakini iko ya kweli, na msomaji anajifunza kitu zaidi kuliko "ya kwanza duniani" tupu.

Ile milango nayo, wanapendaka kusema ilifanywa hivyo kwa urembo. Sababu ni chasi, mifupa ya gari: ilikuwa ya mabomba ya chuma yaliyounganishwa, na ku mbavu za gari yalipanda juu sana, mulango wa kawaida haungepata fasi ya kukaa.

Shauri langu la kwanza basi: kabla ya kuandika juu ya kitu, nenda ukaone kinavyofanya kazi, hata kama hiyo gari yenyewe hutaiona maisha yako yote. Hapa Goma hakuna 300 SL. Lakini RAV4 za Japani zenye moteri ya D-4 ziko, na zile pia zinapuliza esanse ndani ya silinda. Fundi mumoja ku Majengo, mutaa wa hapa Goma, alifungua moja niko pale, akatoa injekta, kile kidude cha kupuliza esanse, akanipa mukononi, ncha yake ilikuwa nyeusi ti, juu inakaa ndani ya moto wenyewe. Injekta ya kawaida inakaa ku njia ya hewa, haipati moto ule. Toka siku ile nikisoma juu ya 300 SL naelewa mambo mengine pia, kwa mufano kwa nini oili yake ilikuwa inaharibika haraka. Pompi yake ilikuwa inazungushwa na moteri yenyewe, sasa ukizima kontakti moteri inazunguka kidogo tena, na pompi inaendelea kutia esanse yenye haiwaki, ile esanse inasafisha oili ku ukuta wa silinda na kushuka chini kuchanganyika na oili yote. Mutu anayejua hivi hawezi kudanganywa kirahisi na makala ya kukopi.

Ya pili, chukua kalkuleta. Ferrari 250, wanasema jina linatoka ku ukubwa wa silinda moja. Usikubali tu, hesabu. Silinda iko na upana wa mm 73, pistoni inatembea mm 58.8. Nusu ya 7.3 ni 3.65, izidishe na yenyewe, mara 3.1416, mara 5.88, unapata karibu cc 246. Mara silinda 12, unapata cc 2,953, na hiyo njo namba kamili ya ile moteri. Kumbe 250 ni namba ya kukaribisha tu. Sasa ukitoka hapo ukaenda ku Dino 246, gari ingine ya Ferrari, na kanuni ileile utaanguka vibaya, juu pale 24 ni lita 2.4 na 6 ni silinda sita. Ni familia ileile ya magari lakini kanuni iligeuka, na kalkuleta inakuonyesha palepale.

Farasi sasa, kile kipimo cha nguvu ya moteri. Hapa sisi tunaosoma Kifaransa na Kiingereza pamoja tuko na hatari zaidi ya wengine, juu farasi ya Ulaya ni wati 735.5 na ile ya Uingereza ni karibu wati 745.7, na zote tunaita farasi. McLaren F1 utaona 627 huku, 618 kule, watu wanagombana usiku muzima, na zote mbili ziko sawa, kipimo tu njo tofauti. Andika namba pamoja na kipimo chake, basi. Na chunga Wamarekani wa zamani: V8 ya kawaida ya Corvette iliandikwa farasi 270 mwaka 1971, na 200 mwaka 1972. Mutu anaandika eti moteri iliuawa. Moteri ilikuwa karibu ileile, namna ya kupima njo ilibadilika: zamani walipima moteri ikiwa peke yake, bila mizigo yake ya kawaida, halafu wakaanza kuipima na kisafisha hewa, bomba la moshi na vingine vyote vimefungwa sawa ndani ya gari. Na zile namba zote ni za hewa ya chini, karibu na bahari. Huku kwetu karibu mita 1,500 juu, moteri isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 15, kwa hiyo usilinganishe namba ya kitabu na chenye unasikia chini ya muguu wako ku barabara ya Sake.

Tena kwa wale munaandaa kitu juu ya Audi Quattro ya 1980, nawaomba sana: haikuwa gari ya barabara ya kwanza kusukuma magurudumu mane. Jensen FF ya Waingereza ilifanya hivyo toka 1966, tena na breki za Dunlop Maxaret zenye kuzuia magurudumu kukwama. Quattro yenyewe iliingiza ile nguvu ya magurudumu mane ndani ya rally na kuibadilisha kabisa, Audi ikachukua ubingwa wa watengenezaji 1982, na Hannu Mikkola akachukua wa madereva 1983. Andikeni hayo.