Kontena la China halipiti Bahari ya Shamu, mbona nauli inapanda?

Mkuu umeuliza: mzigo wako unatoka Ningbo kuja Dar, Bahari ya Shamu hauigusi kabisa, iweje kukichafuka huko nauli ya kontena inaruka? Na mwenye kontena moja ajikinge vipi?

Tuanze na meli zenyewe. Wahouthi, wapiganaji wa Yemen, walipoiteka meli ya Galaxy Leader, Novemba 2023, kisha wakaendelea kushambulia meli kwa makombora na droni, kampuni kubwa ziliuacha Mfereji wa Suez zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika Kusini. Safari ya Asia hadi Ulaya ikaongezeka maili za baharini kama 3,500, yaani siku 10 hadi 14 kwenda tu. Huduma ya kila wiki yenye mzunguko wa wiki 12 inaendeshwa na meli 12. Mzunguko ukifika wiki 15, zinatakiwa meli 15 kubeba mzigo uleule. Hizo tatu zinakodiwa kwa bei ya kugombania au zinanyofolewa kwenye njia zenye faida ndogo. Makontena matupu nayo yanachelewa kurudi China. Meli zikishapoteza ratiba zinafika bandarini kwa mkupuo. Mei na Juni 2024 Singapore ilielemewa hivyo, na mizigo mingi ya kwetu hubadilishiwa meli huko au Colombo. Ndiyo maana unalipia vita ambavyo meli yako haikuvipitia.

Sasa sehemu inayoumiza zaidi, na watu wengi hawaipigii hesabu: nauli inatozwa kodi. Forodha ya Afrika Mashariki inakokotoa ushuru kwenye CIF, yaani bei ya mzigo, bima na nauli hadi bandari ya kuingilia. Chukua bidhaa ya ushuru wa 25%. Nauli ikipanda dola 1,000, ushuru unaongezeka dola 250. VAT ya 18% inapigwa kwenye 1,250, ambayo ni 225. Jumla 1,475, na tozo nyingine ndogo za forodha bado. VAT utairejesha kama umesajiliwa. Kama hujasajiliwa, yote inaingia kwenye bei ya dukani. Kwa hiyo usipange bei kwa nauli ya safari iliyopita. Omba nauli mpya kwa maandishi, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika, na nyongeza zote ziandikwe (ya vita, ya msimu, ya mafuta) kabla hujalipa kiwanda malipo ya awali.

Kununua kwa FOB (muuzaji anaishia kupakia melini, nauli unailipa mwenyewe) hakukuepushi. Nauli itaongezwa kwenye thamani vilevile, na ukitangaza ndogo kuliko ile iliyo kwenye invoisi ya usafirishaji, mzigo unasimama kwa kuhojiwa. Unachoweza kubana kihalali ni usafiri wa kutoka bandarini hadi ghalani: uandikwe mstari wake peke yake, usichanganywe na nauli ya bahari.

Kwenye bima kuna mitego mitatu. Kwanza, ukinunua kwa CIF (muuzaji analipa nauli na bima), analazimika kukata bima ya kiwango cha chini tu, iitwayo Clauses C, ambacho hakilipi wizi wala kontena moja kusombwa na mawimbi. Hilo si jambo la kufikirika: Julai 2024 CMA CGM Benjamin Franklin ilipoteza kontena 44 karibu na Afrika Kusini. Kata Clauses A, ambayo ndiyo pana zaidi, kwa thamani ya CIF pamoja na 10%. Pili, hata A haigusi vita. Vita vina kifungu chake, kinaanza mzigo ukiwa ndani ya meli na kinakoma ukishushwa, au siku 15 baada ya meli kufika. Tatu, hakuna kati ya hivyo kinacholipa hasara ya kuchelewa. Nguo za Idi zikifika wiki moja baada ya Idi, hasara ni yako, hivyo mzigo wa msimu uondoke angalau wiki nne kabla ya ulivyozoea.

Bima inakusaidia pia meli ikitangaza hasara ya pamoja, kama ilivyofanya Ever Given mwaka 2021. Wenye mizigo wote wanachangia gharama za uokoaji, hata kama kontena lako halina mkwaruzo. Mwenye bima anapewa dhamana na kampuni yake. Asiye nayo anaweka fedha taslimu ndipo aachiwe mzigo.

Kufuatilia, usifuate jina la meli. Ikibadilishwa njiani utakuwa unaangalia meli iliyokwishaenda Ulaya. Fuata namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7, kwenye tovuti ya kampuni ya meli, na uangalie kila siku mzigo unapokuwa bandari ya kubadilishia.

Siku za bure za kontena (za kukaa nalo bila kutozwa) ziombe kabla ya kubuku, maana baada ya mzigo kufika huna nguvu ya kujadiliana. Ukipewa 14 badala ya 7, ziandikwe kwenye uthibitisho wa buking. Malizia malipo mapema, muuzaji akupe telex release (ruhusa ya kielektroniki ya kuachiwa mzigo) ili usisubiri BL, yaani hati ya usafirishaji, ya karatasi, na wakala wako awasilishe tamko la forodha kabla meli haijatia nanga. Kontena likikaa, kampuni ya meli inakutoza demareji (faini ya kuchelewesha kontena) kwa dola na bandari inakutoza hifadhi, zote mbili kwa wakati mmoja.