Kabla hujakata kipande cha kwanza

Mteja akikuita Shangani au Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar, akakwambia anataka "dirisha la vioo vya rangi", usikimbilie penseli. Muulize kakiona wapi anachokitaka. Mji Mkongwe una kazi za aina mbili na watu huzichanganya. Kuna za majumba yenye mkono wa Kihindi, mfano wake Zahanati ya Kale, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887: vioo vyekundu, kijani na buluu ndani ya mbao. Hapo seremala ana kazi kubwa kuliko wewe. Na kuna za kanisani, vipande vikishikanishwa kwa vijiti vya risasi, ile metali laini, na sura za watu zikichorwa kwa rangi ya unga wa kioo kisha zikachomwa kwenye tanuri kwa nyuzi 600 na zaidi. Bei zake ni mbingu na ardhi, kwa hiyo lijue hilo siku ya kwanza.

Kisha nenda ukakae mahali penyewe. Nasema ukakae: asubuhi, adhuhuri, na saa kumi na moja jioni. Vichochoro vyetu ni vyembamba, na ukuta wa jirani ukiwa hatua tatu tu, buluu nzito hugeuka nyeusi mchana kutwa. Penye mwanga mwingi nako buluu ina ukorofi wake, humwagika nje ya mipaka yake, na nyekundu iliyo kando yake ukiitazama kwa mbali utadhani zambarau.

Kazi ya msikitini ina hesabu nyingine. Kibla chetu kiko kaskazini, na tangu Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huelemea upande huohuo. Utachora maua na pembe, si viumbe, hilo halina mjadala. Lakini mimi hata rangi kali siziweki mbele ya wanaosali. Huwashauri waziweke juu ya milango ya ubavuni, na mpaka leo hakuna aliyenilaumu.

Sasa vipimo, ambavyo vilinitia adabu. Kazi yangu ya pili ilikuwa tao juu ya mlango wa nyumba ya zamani. Nilipima upana mara moja, katikati, nikaenda zangu. Siku ya kupachika, kioo kikagoma: tao lilikuwa limelala upande mmoja kwa nusu inchi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hazijui pembe mraba. Siku hizi napima juu, kati na chini, napima na kona kwa kona, halafu nakata kigezo cha plaiwudi na kukijaribu palepale. Risasi ya ukingoni nachagua pana, ili nikibanwa nipate cha kupunguza.

Na usisahau unene wa risasi yenyewe. Ina umbo la H, na ule mwamba wa katikati hula kama milimita moja na nusu baina ya vipande. Ukipanga vipande kumi kwa upana bila kuuhesabu, dirisha litazidi kwa zaidi ya sentimita moja.

Vyuma vya kuegemeza kioo viwe vya pua isiyoshika kutu au shaba nyeusi. Chuma cha kawaida, kwa chumvi hii ya bahari, huvimba kwa kutu na kupasua kila kilicho karibu. Ruhusa ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iombwe kabla hujaagiza kioo. Na ukishika risasi, nawa mikono vizuri kabla ya kugusa urojo wako.

Mwisho wa kupanga, humwachia mteja vipande vitatu vinne avifunge dirishani wiki nzima. Bibi mmoja wa Vuga aling'ang'ania nyekundu tupu. Siku ya tatu akaniita: "Mwanangu, chumba kimekuwa jiko." Tukachukua kijani.