Silensa yangu iliniacha Corner Baridi

Msomaji mmoja wa Rongai ameniandikia wiki hii: "Ndugu, nimepata slipuoni mbili safi za kuweka kwenye pikipiki yangu ya 1998. Klampu nikaze kiasi gani?" Slipuoni ni silensa ya kuchomeka, kile chombo cha kupunguza mlio mwishoni mwa bomba la moshi, na klampu ni pete ya chuma inayoibana hapo. Nimelisoma swali lile mara mbili nikacheka peke yangu, kwa sababu miaka miwili iliyopita ningeliuliza vilevile. Na jibu nililipata barabarani, kwa aibu.

Pikipiki yangu ni Yamaha TDM850 ya 1997. Silinda mbili, kabureta mbili, silensa mbili, moja kila upande. Silensa za kiwandani zilikuwa zimeliwa na kutu hadi unaingiza kidole. Nilitafuta za kuchomeka kwa miezi saba, na sitawachosha na habari za miezi hiyo. Mwishowe nikapata jozi ya chuma cha pua iliyong'aa kama sufuria mpya, ila ilitoka kwenye pikipiki ya aina nyingine. Mdomo wake ulikuwa milimita 51 kwa ndani. Bomba langu ni milimita 45 kwa nje.

Wewe mwenye akili umeshaona tatizo. Mimi sikuliona, au niliamua kutoliona. Fundi niliyempelekea alikata ukanda wa bati kutoka kopo la mafuta ya kupikia, akauzungusha kwenye bomba mpaka ukajaa, akachomeka silensa na kukaza klampu hadi ikalia. Mpira wa breketi, kile kishikio kinachoifunga silensa kwenye pikipiki, ulikuwa umepasuka kwa uzee, akautupa, akafunga boliti chuma kwa chuma. "Boss, hii haitoki hata ukienda Mombasa." Nikamlipa mia tano na kushukuru juu yake.

Mombasa sikufika. Jumapili iliyofuata tulitoka pikipiki tisa kwenda Magadi. Tulipita Kiserian, na mlio wangu ulikuwa mtamu, nakiri, nilikuwa nafungua mafuta bila sababu ili wenzangu wausikie. Baada ya Corner Baridi, tukianza kuteremka, nikasikia mlio umebadilika, kama trekta imeingia katikati yetu. Nikatazama nyuma kushoto na kulia. Ile trekta ilikuwa mimi. Silensa ya kulia haikuwepo.

Wenzangu hawakusimama. Waliniambia baadaye walidhani natengeneza glavu. Nilirudi kwa miguu karibu kilomita mbili juani, nikiwa na buti na jaketi, hadi nikakutana na mvulana mchungaji ameibeba silensa yangu ndani ya shuka, kwa sababu bado ilikuwa moto. Aliniangalia kwa huruma ambayo sijaisahau. "Ni yako?" Nikampa mia mbili. Nilifunga kwa waya wa ujenzi, nikafika Olepolos nyama imeisha. Kuna jamaa mmoja kwenye kundi letu aliyeniita "Bomba" kwa mwaka mzima. Anajijua.

Sasa nisikilize, kijana wa Rongai, na wengine mnaopenda mlio kuliko kipimo. Klampu haibebi silensa. Kazi ya klampu ni kubana ili moshi usivuje. Uzito wa silensa hubebwa na breketi, na breketi bila mpira hupitisha mtetemo wote wa injini kwenye boliti moja. Boliti yangu ililegea, silensa ikaning'inia kwenye klampu, lile bati la kopo likasagika kama majani ya chai, basi. Ungekaza klampu mpaka kesho kutwa, mwisho ungekuwa uleule.

Nilipoamua kufanya kazi kwa heshima, nilienda Kariobangi kwa fundi wa kukereza vyuma. Mzee yule alipima bomba sehemu tatu kabla ya kugusa mashine, kwa sababu bomba la zamani si duara kamili. Akanitengenezea bushi mbili za chuma cha pua, yaani vipande vya bomba vya kujaza nafasi kati ya bomba na silensa, kila moja urefu wa sentimita tano, zilizopasuliwa kwa msumeno upande mmoja ili klampu inapobana, nazo zibane. Mdomo wa silensa nao lazima uwe na mipasuo, na klampu ikae juu ya mipasuo hiyo. Ukiikaza mahali pasipo na mpasuo, unabana chuma kizima na unajidanganya.

Kisha mpangilio. Funga kila kitu kwa vidole kwanza. Silensa ikae yenyewe kwenye tundu la breketi. Ukilazimika kuivuta kwa goti ili boliti iingie, hapo ndipo itakapopasuka siku moja. Mwambie mtu mzito akae kwenye kiti uone kama mkono unaoshika gurudumu la nyuma unaigusa silensa. Ndipo ukaze, kuanzia upande wa injini ukienda nyuma. Mpira mpya, nati yenye plastiki ndani isiyolegea kwa mtetemo. Baada ya safari ya kwanza, ikishapoa, kaza tena. Na zile nati za kwenye kichwa cha injini zilizoshikana na kutu, kama hazikuhusu usiziguse. Stadi ya zamani, ile boliti isiyo na kichwa inayoshika nati hizo, hukatika kama biskuti.

Kujua kama inavuja, washa injini ikiwa baridi, uzibe midomo yote miwili ya nyuma inayotoa moshi kwa tambara kwa sekunde moja. Mimi nilimwita mke wangu azibe wa kushoto. Alikuja na glavu za jikoni na maneno mengi. Tulisikia "sss" kwenye kiungo cha kulia, na baada ya siku mbili masizi meusi yakajitokeza palepale. Ile milipuko midogo unapofunga mafuta, ambayo wengine huiona ni ufundi, mara nyingi ni hewa inayoingia hapo.

Na kile kibomba cha ndani cha kupunguza kelele, kiache. Kanuni za kelele zipo tangu 2009, na majirani wana watoto.

Basi, kijana, nitumie kwanza kipimo cha bomba na cha mdomo wa silensa. Ya klampu tutaongea baadaye. Klampu yangu ya kushoto bado ni ile ya zamani. Nitaibadilisha Jumamosi.