Port Arthur kwa kosta ya "vituo saba siku moja": mkuu usilipe kwanza

Mkuu USILIPE. Kama umeshalipa wapigie simu sasa hivi uulize kama wanarudisha hela, ndio urudi kuendelea kusoma.

Umeandika kwamba mnatoka Melbourne wewe, shemeji yetu, watoto wawili na mama mzazi, mnaenda Hobart, kule kisiwani Tasmania, mwezi wa saba kwa siku tatu, na umeona tua (safari ya kutembezwa) ya siku moja inayopita Richmond, inapita kwa wanyama, inapita kwenye miamba ya baharini halafu inamalizia gereza la Port Arthur, lile la kihistoria la enzi za Waingereza, na jioni mnarudishwa hotelini. Ukauliza bei kama ni halali, mvae nini, chakula halali kinapatikana wapi, watoto wataweza au hawataweza. Sawa. Ila katikati ukaandika "naona inalipa maana inakusanya kila kitu". Hapo ndio roho yangu ilipouma, maana hilo ndilo neno nililomwambia mke wangu siku ile, tena kwa kujiamini kabisa, na mpaka leo nikipanga safari yoyote ananiuliza kama na hii "inakusanya kila kitu".

Mimi nilimpeleka mama mkwe. Katoka Tanga, mara yake ya kwanza Australia, na unajua safari ya mama mkwe ni mtihani, hapo hautalii mkuu, hapo unasahihishwa. Nikaenda kwenye dawati la kuuza tua, kuna jamaa pale anacheka na kila mtu, nikamuuliza Port Arthur tutaiona vizuri? Akasema "mtakuwa na muda wa kutosha kabisa". Muda wa kutosha! Wallahi nikikutana naye tena namnunulia saa ya ukutani. Halafu na sisi wenyewe tuna watu, kuna mdau kwenye kundi letu la WhatsApp akatuma sauti ya dakika nzima, "chukua hiyo hiyo kaka, mimi nilienda, iko poa sana." Baadaye nakuja kumbana, kumbe alienda na wenzake wa kazini, alilala kwenye basi kwenda na kurudi. Huyo ndiye mshauri wangu wa utalii.

Sasa sikia siku yenyewe ilivyokwenda. Wanakuchukua hotelini kabla ya saa mbili asubuhi, vizuri, ila wakishakuchukua wewe wanaenda kuchukua wengine, hoteli hii, hoteli ile, mzungu mmoja amesahau koti amerudi chumbani, mnamsubiri, kwa hiyo mnatoka Hobart inakaribia saa tatu. Kituo cha kwanza Richmond. Pazuri, sikatai, lile daraja la mawe walilijenga wafungwa kati ya 1823 na 1825 na bado magari yanapita juu yake mpaka leo, ila mkishuka hapo watu wanaingia duka la peremende na hawatoki. Kisha kwa wanyama, watoto wanafurahi, dakika zinakwenda. Kisha Eaglehawk Neck.

Hapo Eaglehawk Neck ningekaa hata saa zima. Ni shingo nyembamba ya ardhi inayounganisha rasi ya gereza na nchi kavu, mahali penye wembamba zaidi haifiki mita mia, na Waingereza waliona badala ya kujenga ukuta wafunge mbwa wakali kwa minyororo, mstari mzima kutoka maji ya huku mpaka maji ya kule, wengine wakawekwa kwenye majukwaa juu ya maji ili anayeogelea naye asikike. Ndio maana mfungwa hakuwa na pa kwenda. Ila mfungwa mmoja, Martin Cash, na wenzake wawili walipita mwaka 1842 kwa kuogelea. Na kuna hadithi moja wanaipenda sana kule, ya mfungwa Billy Hunt aliyejivika ngozi ya kangaruu akawa anarukaruka apite, askari wakaona kitoweo hicho, wakainua bunduki, ikabidi kangaruu aongee Kiingereza. Mama alicheka pale mpaka machozi. Na hiyo ndio Australia yake, akiulizwa Tanga umeona nini huko anasimulia kangaruu aliyejisalimisha.

Tulikaa hapo dakika kumi. Dereva, ambaye ndiye huyo huyo muongozaji, kaangalia saa, twende.

Wakatupeleka Tessellated Pavement, ule mwamba uliopasuka pande pande ukawa kama sakafu ya vigae. Sasa ule unaonekana vizuri maji yakipwa. Sisi tumefika maji yamejaa. Mama wa Kitanga kasimama pale juu, kaangalia bahari mara moja tu, kaniuliza taratibu: "Baba, maji yamejaa haya, tunaonyeshwa nini?" Sikuwa na jibu. Kosta haifuati maji kupwa na kujaa, kosta inafuata ratiba ya kosta. Kisha Tasman Arch, tao la mwamba, kisha Devil's Kitchen, korongo la bahari, shuka piga picha panda, shuka piga picha panda.

Na ile picha kwenye kipeperushi chao, majabali marefu yamesimama wima kama nguzo, meli chini inaonekana kadogo? Hiyo ni Cape Raoul na upande wa Tasman Island huko, kuna magenge yanayokaribia mita 300 kutoka baharini kwenda juu. Barabarani HUYAONI. Unayaona ukiwa majini kwenye boti ya karibu masaa matatu, au ukitembea kwa miguu njia za mlimani nusu siku. Wao wameweka picha tu kwenye karatasi, chini kwa herufi za mchwa wameandika maneno ambayo sikuyasoma kwa sababu jamaa wa dawati alikuwa ananichekea.

Kwa hiyo Port Arthur yenyewe tumefika saa saba na nusu mchana, na tumeambiwa saa tisa na nusu kila mtu awe kwenye kiti. Masaa mawili. Toa foleni ya choo, toa chakula maana watu wana njaa tangu asubuhi, toa ile ziara ya utangulizi ya dakika arobaini ambayo iko ndani ya tiketi. Hesabu kilichobaki. Boti ya kuzunguka bandari nayo imo kwenye tiketi, tumeshailipia, ila mwezi ule boti iliyokuwa imebaki ingetutoa majini wakati kosta inawasha injini. Tukabaki ukingoni tunaitazama inavyoondoka, na mimi najifanya nampigia mama picha.

Na hiyo boti ndiyo inayopita mbele ya Point Puer, gereza la watoto wa kiume, 1834 mpaka 1849, walipita pale watoto kama elfu tatu, wengine miaka tisa tu. Inapita pia Isle of the Dead, kisiwa cha makaburi, wamelala zaidi ya watu elfu moja pale, wafungwa upande wa chini na maafisa na familia zao upande wa juu, maana hata kufa walikufa kwa vyeo. Kukanyaga hicho kisiwa ni tiketi nyingine ya pembeni na inataka muda wake. Sisi tulikiona kwa mbali, kimiti miti.

Kilichoniuma kuliko vyote ni Separate Prison. Hili ni gereza ndani ya gereza, lilianza kujengwa 1848 kwa mtindo wa gereza la Pentonville la London, wazo lao ni kwamba viboko havitoshi, sasa tumvunje mtu kwa ukimya. Masaa 23 kwa siku uko peke yako, hauitwi jina unaitwa namba, ukitolewa nje unafunikwa uso ili mwenzako asikujue, na kanisani kila mtu ana kiboksi chake cha mbao, unamuona mhubiri tu. Kuna chumba cha adhabu cha giza, kuta nene, unaingia unafungiwa sekunde chache kujaribu. Na pembeni kabisa wakajenga jengo la wendawazimu, sijui kama kuna aliyeshangaa. Mama ni mtu wa dini, alisimama kwenye kile kiboksi cha kanisani akanyamaza, nikaona kaguswa, akaanza kuniuliza maswali ya maana, walikuwa wanaruhusiwa kuimba? Walikuwa wanaruhusiwa! Nimefungua mdomo niendelee, simu inaita, dereva: tumebaki nyinyi.

Mkuu nilikimbia na mama mkwe. Kwenye majani yenye baridi, Julai, mama wa watu kashika khanga na mkoba, mimi mbele napunga mkono kosta isiondoke. Akaniambia kwa upole wao ule: "Mwanangu, mbona kama tunafukuzwa?" Ungekuwa wewe ungejibu nini.

Watu watakuja hapa kusema "lakini tiketi ya Port Arthur inatumika siku mbili mfululizo". Ndiyo, inatumika, najua, ndio inavyochoma zaidi. Hobart mpaka kule ni karibu kilomita 95, lisaa limoja na nusu, na mimi gari sina, kosta ya kesho yake ni hela upya kwa kila kichwa. Tiketi ya siku mbili mkononi kwa mtu aliyefika na kosta ni karatasi ya kufungia karanga. Tulilipa tena baadaye kwa namna nyingine na sitaki kutaja ni shilingi ngapi ukiibadilisha.

Halafu kosa sio langu peke yangu, niseme ukweli. Sisi tunaotoka pwani ukituambia gereza la kihistoria kisiwani tunafikiria Changuu pale Unguja, unapanda boti, unalisha kobe majani, unapiga picha gereza ambalo halikuwahi kufunga mfungwa, masaa mawili umemaliza unarudi kula pweza Forodhani. Port Arthur sio hivyo. Ni hekta zaidi ya 40, majengo na magofu zaidi ya 30, lile jengo kubwa la ghorofa lililobaki kuta lilikuwa kinu cha kusaga nafaka kabla halijawa bweni la wafungwa, gereza limefanya kazi tangu 1830 lilipokuwa kambi ya kukata mbao mpaka 1877. Unatembea, kuna miinuko, mama wa miaka sabini anahitaji kukaa kwenye benchi kila baada ya jengo. Ukimpa masaa mawili umempa mazoezi.

Kwa hiyo swali moja tu la kuwauliza, andika kwenye karatasi: TUNAINGIA GETINI PORT ARTHUR SAA NGAPI NA TUNATOKA SAA NGAPI. Usiulize vituo vingapi. Usiulize chakula kimo au hakimo. Usikubali "siku nzima", siku nzima ni ya kwao barabarani. Ikipungua masaa manne ndani ya geti funga ukurasa. Wakijibu "inategemea na siku" funga ukurasa na ufute historia. Na kumbuka Julai kule jua linazama inakaribia saa kumi na moja jioni, kwa hiyo kuingia saa saba na nusu ni kama kuingia harusini wakati wanakunja turubai.

Kama unaendesha gari ndio umepona kabisa. Kodi gari Hobart, nenda moja kwa moja Port Arthur asubuhi, usisimame popote, maliza gereza na boti, lala huko huko Nubeena au Eaglehawk Neck, kesho yake ndio hiyo tiketi ya siku mbili inafanya kazi na pwani unaiangalia kwa muda wako, angalia jedwali la maji kupwa na kujaa kabla ya ule mwamba wa vigae. Usiendeshe usiku, wanyama wanajaa barabarani giza likiingia. Kama huendeshi tafuta tua inayokwenda Port Arthur tu, zipo, hazina picha nzuri ndio maana watu hawazichukui.

Richmond iache iwe safari yake, ni karibu na Hobart. Na siku mliyobaki mjini mpeleke mama Cascades Female Factory, ndani ya Hobart yenyewe, gereza la wanawake 1828 mpaka 1856, halina kutembea sana na mama zetu linawagusa kuliko lile la wanaume. Liko pamoja na Port Arthur kwenye orodha ya UNESCO ya 2010 ya maeneo ya wafungwa, maeneo 11 Australia nzima, matano yako Tasmania. Mama mkwe aliniuliza kati ya wafungwa weusi hawakuwepo? Nikaja kusoma baadaye, walikuwepo, kuna fundi cherehani anaitwa William Cuffay, baba yake alitoka St Kitts, aliletwa 1849 kwa mambo ya siasa ya wafanyakazi London, akasamehewa 1856 na bado akabaki Hobart mpaka kufa 1870. Yeye hakufungwa Port Arthur, alishona nguo mjini. Ningejua siku ile ningepata angalau alama moja.

Kitu kingine, ukiwa Port Arthur usimuulize mfanyakazi yeyote habari za 28 Aprili 1996, siku hiyo mtu mmoja mwenye bunduki aliua watu 35 pale na jirani yake, na wanaofanya kazi pale wengine walipoteza ndugu na marafiki. Kuna bustani ya kumbukumbu, mnaingia kimya mnatoka kimya. Waambie watoto mapema.

Nguo... baridi mkuu, kuna upepo unatoka kusini, vaa kila kitu. Chakula halali atakujibu anayekaa Hobart, mimi siku ile nilikula chipsi kwenye kosta nikiwa nimegeukia dirishani. Tuma hapa ratiba waliyokupa, yenye masaa, sio ile yenye picha.