Barua kwa mwanangu: kituo gani umpeleke mjukuu wangu

Mwanangu, huku salama, mama yako mguu umepoa kidogo na mvua zimeanza. Ujumbe wako niliusoma juzi usiku nikauweka kwanza maana sitaki kujibu mbio mbio jambo la mtoto. Umesema dada wa kazi amerudi kwao Singida na hana mpango wa kurudi, wewe na mwenzio wote kazini, mtoto ana mwaka na miezi 8, na mmebaki na vituo viwili, kile cha ghorofa chenye katuni ukutani na kamera na Kiingereza, na kile cha yule mama wa Tabata ambacho ni nyumba ya kawaida tu, ukaniuliza "Baba wewe umekagua vituo miaka yote uliyokuwa Ustawi wa Jamii, kizuri tutakijuaje?"

Mimi jengo huwa siangalii kwanza. Nilikuwa nikiingia kituo natafuta kile kiti kidogo cha watoto nakaa zangu pembeni, mwenye kituo anataka anipeleke ofisini kuona vyeti namwambia subiri mama, vyeti havikimbii, maana hapo nasubiri mtoto alie. Na atalia tu, watoto wa umri huo hawamalizi nusu saa. Akilia ndio naangalia nani anainuka. Anainuka kweli au anapiga kelele huko huko alikokaa "wee nyamaza"? Anachuchumaa amtazame usoni au anamnyanyua kwa mkono mmoja kama ndoo ya maji? Halafu mtoto mwenyewe anamkimbilia nani, hapo hapo utajua kila kitu, kama kuna mtu mzima mmoja mle ndani ambaye watoto wanamwendea wenyewe wakiumia basi kituo hicho kina mlezi, na kama hakuna wa kumwendea, wote wanalia wanaangalia mlangoni, ondoka hata kama kapeti linang'aa. Na vile vya kimya kupita kiasi pia sivitaki. Ukikuta watoto kumi na kitu wa miaka 2 wamekaa wima kwenye mkeka hakuna anayesogea, usimsifu mwalimu, hao wametishwa.

Kitu cha pili uliza idadi, ila uliza vizuri. Usiulize "mna walimu wangapi" maana watakuhesabia mpaka mpishi na mlinzi wa getini. Uliza chumba atakachokaa mtoto wako, saa tano asubuhi, kuna watoto wangapi na watu wazima wangapi, kisha nenda saa tano hiyo hiyo ukahesabu mwenyewe. Dada yako kule Leicester, Uingereza, anasema kwao sheria inataka mtu mzima 1 kwa watoto 3 walio chini ya miaka 2, wakifika miaka 2 ndio watoto 5. Hapa kwa ada mnayoweza kulipa hutapata hivyo, tusidanganyane, lakini mlezi mmoja na watoto 12 wa pampasi haiwezekani hata awe malaika. Piga hesabu, kubadilisha mtoto mmoja na kunawa mikono ni kama dakika 5, watoto 12 ni saa nzima imeisha, na hapo hujalisha, hujabembeleza, na wale 11 wengine walikuwa wanaangaliwa na nani?

Na uliza walezi wenyewe, sio mwenye kituo, umeanza lini hapa. Ukimuuliza wa kwanza anasema mwezi jana, wa pili wiki mbili, wa tatu anacheka tu, ujue hapo mshahara ni wa shida na wasichana wanaingia wanatoka. Mtoto wa umri wa huyu wenu akishamzoea mtu halafu mtu akapotea, anaanza upya kabisa, analia upya, hali, usiku halali, na nyie mtadhani ni meno. Vile vituo vya ghorofa sio vyote lakini nimeona vingi hela inaenda kwenye rangi na basi la njano na mwalimu wa Kiingereza wa wale wakubwa, halafu chumba cha wadogo wanapewa wasichana walioajiriwa juzi.

Hilo la Kiingereza najua ni la baba mtoto zaidi kuliko lako hahaha. Mwambie kwa heshima zote kwamba mtoto wa mwaka na nusu anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa, mtu anamvalisha soksi anamwambia mguu huu, leta na mwingine, haya ya bluu hii, yaani mazungumzo ya kijinga jinga tu siku nzima na mtu anayemjibu akibwabwaja. Ei bii sii ya kwenye tivii haimjibu. Shirika la Afya Duniani walitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto ambaye hajafika miaka 2 tivii na simu hawashauri kabisa, na akifika 2 isizidi saa 1 kwa siku. Mwongozo huo huo unasema asifungwe kwenye kiti zaidi ya saa 1 mfululizo na alale saa 11 mpaka 14 kwa siku pamoja na usingizi wa mchana. Kwa hiyo ukiingia ukakuta tivii inawaka asubuhi na watoto wamepangwa mbele yake, hiyo ndiyo ratiba yao, usikubali wakikwambia wamewasha leo tu.

Usingizi nao. Uliza wanalala wapi na nani anabaki nao. Na ukiona mtoto anarudi kila siku amelegea, usingizi mzito mpaka jioni, uliza kwa ukali, maana ipo tabia ya kuwapa watoto dawa ya mafua ili walale, na ni hatari.

Mengine nayapitia haraka. Sabuni iwepo pale pale wanapobadilishia pampasi, wakianza kuitafuta umeshapata jibu. Ndoo za maji zisiachwe wazi, mtoto anazama kwenye maji kidogo sana. Jiko mbali, geti linafungwa, karanga nzima wasipewe wadogo, maji ya kunywa yachemshwe, na mtoto asikabidhiwe kwa mtu ambaye hamjamwandika hata akisema ni shemeji. Usajili pia, dei kea iko chini yetu Ustawi, unaanzia halmashauri, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka hivyo, wakati darasa la awali lile la kabla ya la kwanza ni watu wa elimu, sasa kuna wajanja wana karatasi moja wanafanya yote mawili. Waombe uione. Kamera sina ugomvi nayo ila mlezi mmoja hata ukimwangalia kwenye simu kutwa anabaki mmoja.

Kwa ulivyonieleza moyo wangu uko kwa yule mama wa Tabata, hasa uliposema alimwita mtoto jina siku ya pili na hakukuzuia kuingia mpaka jikoni. Kituo kinachomwambia mzazi mwisho getini mimi huwa sikielewi. Ila una mambo mawili ya kumuuliza, kile kisima cha nyuma kina mfuniko wa kufuli? Na msaidizi wake akiumwa nani anakuja?

Mkikubaliana naye wiki ya kwanza mmoja wenu aombe ruhusa, mtoto akae saa moja na wewe upo, kesho mbili ukiwa nje, hivyo hivyo. Na usimtoroke akiwa anacheza, muage, alie, uondoke. Akijua unatoroka atakushika nguo wiki nzima.

Nenda saa tano halafu unipigie. Mama yako anasema ada ya mwezi wa kwanza nusu anatuma yeye, usikatae tafadhali, ukikataa atakayenuniwa ni mimi.

Baba