Vitamini D haitibu Alzheimer, ila upungufu wake utibiwe

Ndugu, umeuliza kama vidonge vya vitamini D vitazuia mama asizidi kusahau. Kwa ushahidi uliopo, hapana. Utafiti wa Marekani wa 2014 uliofuatilia wazee zaidi ya 1,600 ulikuta kwamba wenye upungufu mkubwa (chini ya nanomoli 25 kwa lita ya damu) walipata Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaoleta kusahau) takriban mara mbili zaidi. Lakini huo ni uhusiano tu: anayeanza kuugua hutoka nje mara chache, hapati jua, hali chakula vizuri, na vitamini inashuka. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL lilipowapa watu yuniti 2,000 (IU, kipimo kinachoandikwa kwenye chupa) za vitamini D kwa siku, kwa ujumla kumbukumbu zao hazikuwa bora kuliko za waliomeza kidonge bandia kisicho na dawa.

Hata hivyo upungufu utibiwe, kwa ajili ya mifupa. Mama aombe kipimo cha damu cha 25-hidroksivitamini D, kinachoonyesha kiwango cha vitamini hiyo mwilini. Aliyevuka miaka 70 anahitaji yuniti 800 kwa siku, na asizidishe 4,000 bila daktari. Ameze pamoja na chakula chenye mafuta, ndipo inafyonzwa vizuri.

Wengi hukosea kwa kuongeza dozi wakiona hakuna mabadiliko. Ikizidi mno, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, choo kigumu, kisha kuchanganyikiwa, na nyumbani mnadhani ni Alzheimer imezidi! Kama anatumia dawa za presha za kundi la thayazidi (zile za kuongeza mkojo), hatari ni kubwa zaidi. Mpimeni na vitamini B12 na homoni za tezi dundumio (tezi ya shingoni). Hizo zikiwa chini, kusahau kwake huenda kukatibika.